Wanalaumu unene wa sampuli, jenereta inanguruma

Nilipeleka vifaranga vya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na maji ya Ziwa Kivu yenye planktoni, yaani viumbe vidogo vinavyoelea majini, katika maabara moja hapa Bukavu, inayojisifu kwa picha za pande tatu za hadubini ya holografia, inayonasa kina cha kitu kwa mwanga wa leza, na hadi leo nikikumbuka jibu la fundi wao damu inanichemka.

Umeme ulikuwa umekatika, jenereta ikawashwa uani, nyuma tu ya ukuta wa chumba cha leza. Kwa mtetemo wake, kwenye skrini michirizi ya mwingiliano, yaani mistari ya mwanga na giza inayotokea miali miwili ya leza ikikutana, ambayo ndiyo hubeba habari yote ya kina, ilicheza na kufutika, na hologramu, yaani picha za michirizi hiyo, zikatoka kijivu kitupu. Kwa leza nyekundu ya nanomita 633, mwali mmoja ukisogea nusu ya wimbi tu wakati kamera inapokea mwanga, palipong'aa panakuwa giza. Niliomba tutumie betri, maana nilikuwa naziona pale kabatini. Akajibu bila kunitazama: "Papa, sampuli yako ni nene. Hii si sambaza ya sokoni." Kisha akanisimulia habari za Dennis Gabor, mvumbuzi wa holografia, na Nobeli yake ya mwaka 1971, kana kwamba Gabor ndiye angekuja kuizima ile mashine.

Kuhusu unene, haki yake nampa. Ndani ya mwili mnene mwanga hutawanyika mara nyingi, na hologramu yake moja hutoa jumla ya ucheleweshaji wa mwanga toka juu hadi chini, wala si tabaka kwa tabaka. Ukitaka matabaka, sharti umulike sampuli kwa pembe nyingi. Mbona hawakuniambia hayo kabla sijatia saini? Bango lao linasema "pande tatu" bila sharti lolote.

Umeme uliporudi jioni, hologramu ya tone la maji ikatoka safi, na hapo, nasema kwa shingo upande, nilifurahi mno. Niliishukia polepole kwenye kompyuta, kina baada ya kina: kopepoda, kijidudu cha majini cha jamii ya kamba, aliyekuwa ukungu akajitokeza, antena pingili kwa pingili, nikazidi kushuka, akapotea, akaibuka jike mwenye vifuko viwili vya mayai. Wote walitoka katika picha moja, bila mtu kuigusa tena hadubini.

Nilikuwa nimeapa kutorudi. Pengine nitarudi, kwa maji ya ziwa tu. Lakini ankara imefika jana, na wamehesabu hata hologramu za kijivu. Hizo silipi.