Simu ya 2018, mfumo mpya: miezi mitano baadaye

Kilichonichosha ni kibodi. Nikigusa sehemu ya kuandika haipandi. Nagonga herufi tatu nne hewani, kimya, halafu zote zinamwagika kwa mpigo na nusu yake zimekosewa. Mtu akinipigia, simu inaita huku kioo ni cheusi, namsikia lakini simwoni ni nani. Kamera ndiyo usiseme. Siku moja niliipima kwa saa: sekunde 9 tangu niguse alama yake hadi nione kitu kwenye kioo. Hakuna mtoto anayeendelea kucheka kwa sekunde 9 ili umpige picha.

Simu yenyewe ni ya 2018, RAM (kumbukumbu ya programu zinazofanya kazi kwa wakati huo) GB 3, hifadhi GB 32. Ilikuja na Android 8, ikapewa masasisho makubwa mawili, la mwisho likiwa Android 10, na baada ya hapo ukienda kwenye mipangilio unaambiwa mfumo wako ni wa kisasa. Wa kisasa wa 2019! Kioo chake hakina mkwaruzo, spika zinapiga vizuri, nami sikuona sababu ya kuitupa. Nikaamua kuifleshi, yaani kuuondoa mfumo wa kiwandani na kuweka mwingine uitwao LineageOS.

Kwa asiyeijua, LineageOS ni Android inayotengenezwa na watu wanaojitolea. Ilianza mwishoni mwa 2016 baada ya CyanogenMod, mradi ulioutangulia wa aina hiyohiyo, kufungwa. Google huuacha wazi msimbo wa msingi wa Android, nao wanauchukua na kuufanya ukae kwenye simu nyingi, zikiwemo ambazo waliozitengeneza wameshaachana nazo. Mimi niliweka toleo la 20, ambalo msingi wake ni Android 13. Simu yako lazima iwe kwenye orodha yao, tena modeli yenyewe hasa, maana simu mbili zenye jina moja sokoni zinaweza kutofautiana herufi moja mwishoni mwa namba ya modeli na ndani zikawa na chipu tofauti kabisa.

Kabla ya lolote unafungua butiloda, yaani programu inayoiwasha simu, ambayo ikiwa imefungwa hukataa mfumo usio wa kiwandani. Kuifungua kunafuta kila kitu. Mwanzoni niliona ni ukorofi, kumbe kuna mantiki: bila hivyo mwizi angeweka mfumo wake juu ya simu yako na kujisomea mambo yako taratibu. Kwa hiyo nilihamisha picha, majina ya simu na nakala ya WhatsApp, nikajiona mjanja. Nilichosahau ni ile programu inayotoa namba za tarakimu sita za kuingilia akaunti. Ilikuwa kwenye simu hiyohiyo, ikafutika pamoja na namba zake. Barua pepe ya kazini ilinigomea siku mbili nzima.

Kazi yenyewe hufanywa kwa kompyuta na waya wa USB. Nilipoteza karibu saa nzima kompyuta ikidai haioni simu, kumbe waya niliokuwa nao ni wa kuchaji tu, haupitishi data. Nikabadilisha waya, mambo yakaanza kwenda. Asilimia zikapanda: 20, 35, 47. Zikasimama hapo. Nikangoja. Jasho jembamba likaanza kunitoka, kisha kwenye dirisha la amri ukatokea ujumbe kwamba imeshindwa kusoma amri, na mbele yake pameandikwa kwamba imefanikiwa. Yote mawili katika mstari mmoja! Nilikaa naitazama simu kama mtu anayetazama daktari akisoma cheti chake. Baadaye niliposoma maelekezo kwa utulivu niliona wameandika wazi kwamba wakati mwingine hesabu huishia 47 na kazi imekwisha salama. Ningesoma kabla, nisingezeeka dakika zile.

Kosa langu la pili lilikuwa haraka. Duka la Play halimo ndani ya LineageOS, na ukilitaka, kifurushi cha programu za Google huwekwa kabla hujauwasha mfumo kwa mara ya kwanza. Mimi niliuwasha kwanza nikaushangilie. Nikalazimika kufuta na kuanza upya. Mara ya pili ilinichukua nusu saa tu, nikiwa tayari fundi.

Siku ya kwanza simu ilikuwa ya moto na nzito kuliko hata zamani, nikajuta. Usiihukumu simu siku hiyo. Kila programu inayowekwa huwa inatayarishwa upya ili iendane na mfumo, na kwenye chipu ya zamani shughuli hiyo inachukua muda. Kesho yake usiku niliichaji, asubuhi nikakuta simu nyingine. Kibodi inapanda papo hapo. Anayepiga ninamwona kabla simu haijaita mara ya pili. Kamera sekunde 3.

Ningeandika hapa "fanyeni wote" na kumaliza, kama si mdogo wangu wa kike. Tulinunua simu pacha, yake na yangu, wiki moja. Nilimshauri naye tumfleshie, akanijibu, "Kaka, hapana. Kwanza yako ife au ipone, ndipo tuongee." Akakubali kufomati tu, yaani kufuta kila kitu na kuirudisha simu kama ilivyotoka kiwandani, akabaki na Android 10 yake ileile. Kabla ya kufomati hifadhi yake ilikuwa imebakiwa na MB 900. Tukarudisha programu anazozitumia kweli, zile za mapambo tukaziacha, ikabaki GB 12 tupu. Nikaipima kamera yake: sekunde 4.

Sekunde 4! Mimi nimetoka jasho kwa ajili ya sekunde moja.

Jambo lenyewe linaeleweka ukijua hifadhi ya simu inavyofanya kazi. Haiwezi kuandika juu ya data ya zamani moja kwa moja. Lazima kwanza ifute fungu zima, ndipo iandike. Ikiwa na nafasi, mafungu matupu yanakuwa tayari yanasubiri. Ikijaa, kila kitu kidogo unachofanya, hata kuhifadhi ujumbe mmoja, kinaisubirisha simu ihamishe vitu na kufuta. Simu zetu zote mbili zilikuwa zimejaa pomoni. Sehemu kubwa ya uzito nilioulaumu mfumo ulikuwa ni uchafu wetu wenyewe, na mimi niliupata usafi huo kama zawadi ya kufungua butiloda.

Kwa hiyo mfumo mpya ulinipa nini zaidi? Usalama. LineageOS huingiza marekebisho ya usalama ya Android ya kila mwezi, wakati simu ya mdogo wangu imesimama palepale ilipoachwa. Nayo si kinga kamili, kwa sababu programu za ndani kabisa za chipu, kama zile za modemu, sehemu inayoiunganisha simu na mtandao, hutoka kwa waliozitengeneza, na hao wameshanyamaza. Nilipata pia programu zilizokuwa zimeanza kuikataa Android yangu kwa uzee. Na nikaondokana na zile programu za kiwandani zisizofutika, ambazo sijawahi kuzifungua hata siku moja lakini zilikuwa zikijisasisha kila wiki.

RAM haikuongezeka, na haiwezi kuongezeka. Nikifungua kurasa nyingi za intaneti halafu nikaenda WhatsApp, nikirudi nazikuta zinajipakia upya. GB 3 ni GB 3.

Vilivyopotea ni vitatu. Programu ya benki yangu ilipogundua butiloda iko wazi iliandika kwamba kifaa hiki hakiaminiki, ikajifunga. Sasa mambo ya benki nayafanya kwenye kompyuta. Filamu za kulipia hazionyeshi tena kwa ubora wa juu, kwani simu yangu imeshushwa daraja la ulinzi wa hakimiliki. Kwenye kioo cha simu sioni tofauti kubwa, ila wewe unaweza kuiona. Cha tatu kiliniuma: picha za usiku. Ujanja wa kuzisafisha ulikuwa kwenye programu ya kamera ya kiwandani, mali ya siri ya aliyeitengeneza simu, nao haukuhama. Picha za mchana ni zilezile, za usiku zina punje kama mchanga.

Halafu kuna betri, ambayo nilidhani mfumo mpya utaitibu. Wapi! Simu iliendelea kuzimika ikiwa na asilimia 20, hasa nikifungua kamera. Betri ya lithiamu ikizeeka ukinzani wake wa ndani huongezeka. Simu ikidai umeme mwingi kwa ghafla volti zinaporomoka na simu inazimika, hata kama chaji imebaki. Ndiyo sababu hiyohiyo Apple ilikiri Desemba 2017 kwamba ilikuwa ikizipunguza kasi iPhone zenye betri zilizochakaa, ili zisizimike. Mwezi wa tatu nilimpelekea fundi akaibadilisha. Kamera ilibaki sekunde 3, ila tangu siku hiyo haijazimika tena.

Wenye iPhone, haya ya kufleshi hayawahusu, nyinyi ni kusubiri Apple watoe. Wakati mwingine wanatoa kitu cha maana: iOS 12 ya 2018 ililenga kuzifanya simu za zamani ziwe nyepesi, na iliingia hata kwenye iPhone 5s ya 2013. Lakini subirini kidogo kabla ya kubonyeza, kwa sababu Apple wakishaacha kuidhinisha toleo la nyuma hamrudi tena.

Mtu akiniuliza leo, namwambia afomati kwanza, aache theluthi ya hifadhi wazi, aitumie wiki mbili. Akiridhika, aishie hapo. Anayetegemea programu ya benki kwenye simu hiyo asiguse butiloda kabisa. Mimi sirudi nyuma. Nikiwekewa picha nzuri za usiku upande mmoja na marekebisho ya kila mwezi upande wa pili, nachukua marekebisho.

Wiki iliyopita mdogo wangu alinipigia. Hifadhi imejaa tena, kamera imerudi sekunde 7, na kuna programu moja imemwambia Android yake imepitwa na wakati. "Hiyo yako bado haijafa, kaka?" Nimemwambia aje Jumamosi na waya unaopitisha data, na zile namba za tarakimu sita azihamishe kwanza.