Fizio wa kifundo hapa Mtwara, kwa wenzangu mnaocheza huku mguu unauma

Jamani naandika hii kwa ajili ya watu wa Mtwara mnaocheza, netiboli, chandimu, ligi za kata, jogging za Jumamosi mpaka Mikindani, nyie wote mnaotegua mguu mnafunga krepu bendeji alafu mnarudi uwanjani. Kuna kliniki ndogo ya fizio, yani tiba ya viungo kwa mazoezi, huku Shangani, vyumba viwili vya kupanga kwenye nyumba ya kawaida, jina siandiki kwa sababu sijamuomba mwenyewe ruhusa, ila nimetibiwa pale karibu miezi miwili na nusu na nina mengi ya kusema, mazuri na yasiyo mazuri.

Mimi ni mwalimu, nacheza netiboli, namba ya senta. Mwezi wa sita tulikuwa kwenye mazoezi ya kujiandaa na SHIMISEMITA, ile michezo ya watumishi wa serikali za mitaa, nikaruka kudaka mpira nikatua juu ya mguu wa mwenzangu, unyayo ukageukia ndani na nikasikia kabisa kitu kimevutika upande wa nje. Kufika nyumbani kifundo kimejaa. Bibi jirani ambaye ametuchua sisi wote tangu utoto akaniita, njoo mjukuu wangu nikukande, maji ya moto na mafuta ya nazi, nililia machozi. Asubuhi mguu umekuwa wa zambarau mpaka kwenye vidole. Simlaumu bibi hata kidogo, mkono wake kwa mgongo na mabega yaliyochoka hauna mfano, ila nimekuja kujua baadaye kwamba siku mbili tatu za mwanzo joto na kuchua vinaongeza damu kuvuja pale ndani, ndio maana uvimbe ulilipuka vile.

Nikaenda kituo kimoja cha afya, picha ikapigwa, mfupa mzima, nikaandikiwa dawa ya maumivu, diklofenaki, na kuambiwa pumzika utapona. Zoezi hata moja sikuambiwa. Nimepumzika wiki tatu, maumivu yakaisha, nikarudi uwanjani, na siku ya pili tu mguu uleule ukageuka tena, safari hii sikukanyaga mtu wala nini, nilikuwa nageuka kutoa pasi. Hapo ndio nikaogopa kweli. Mwalimu mwenzangu akanielekeza Shangani.

Siku ya kwanza fizio alinishika kama dakika 40 na nusu ya muda huo ilikuwa maswali. Ulipoumia tu uliweza kutembea hatua nne? Na sasa hivi unaweza? Nikatembea mbele yake, nachechemea lakini natembea. Alafu akabonyeza kwa kidole, taratibu, ukingo wa nyuma wa ile mifupa miwili inayotokeza kwenye kifundo, wa ndani na wa nje, akashuka mpaka ukingo wa nje wa mguu pale katikati penye mfupa uliotuna kidogo, na mwingine juu ya tao la unyayo. Akasema mwalimu, kwa leo usilipe hela ya eksirei. Nikamuuliza mbona una uhakika hivyo, akanieleza kwamba kuna utaratibu ulitoka Ottawa, Kanada, mwaka 1992, unatumika na madaktari sehemu nyingi duniani: kama unaweza kutembea hizo hatua nne na hakuna maumivu ukibonyezwa penye mifupa hiyo, uwezekano wa kuvunjika ni mdogo sana, ila ikishindikana kimoja kati ya hivyo basi anakutuma ukapige picha bila mjadala. Mimi nilipenda sana hapa. Mtu ambaye anaweza kukuongezea gharama na haongezi, huyo namuamini.

Alafu akashika kisigino akakivuta mbele taratibu, akafanya hivyo na ule mguu usioumia, akalinganisha. Akaniambia ligamenti, yani kamba inayoshika mfupa na mfupa, ya mbele upande wa nje, ile inayounga mfupa mwembamba wa mguu na mfupa wa kifundo, imechanika nusu. Ndio ligamenti inayoumia zaidi kuliko zote mtu akigeuza mguu kwenda ndani.

Kitu kilichonibadilisha kichwa ni alivyonieleza kwa nini niliumia mara ya pili. Mimi nilidhani sikupumzika vya kutosha. Kumbe pumziko lenyewe halitoshi, kwa sababu kwenye ligamenti na misuli kuna mishipa midogo ya fahamu inayopeleka taarifa mguu umekaaje, ukiumia taarifa zinachelewa, na misuli ya upande wa nje wa mguu ambayo kazi yake ni kuuvuta urudi usitue vibaya inachelewa kuamka. Maumivu yanaisha mapema, hilo la taarifa linabaki. Kwaiyo unarudi uwanjani unajiona mzima na mguu bado haujui ulipo. Yani hili tungeambiwa na makocha wetu toka shuleni, mabinti wangapi tumewapoteza kwenye netiboli kwa sababu ya kifundo kilekile kinachogeuka kila mwezi.

Matibabu yenyewe ni kazi, nawaambia mapema, anayetaka kulala kitandani akandwe na mashine hatapapenda. Kwanza kuandika herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu, A mpaka Z. Alafu ukutani, unapiga goti liguse ukuta na kisigino kisinyanyuke, anapima kwa rula umbali wa kidole na ukuta, mguu wangu mzima ulitoa sentimita 11 na huu 4. Nne tu! Alafu kuvuta ule mpira wa kunyumbulika kwa upande wa nje, kupanda juu kwa vidole mguu mmoja, kusimama mguu mmoja nikipiga mswaki, ikizoeleka nafumba macho, ikizoeleka napanda kwenye kibao kinachoyumba ambacho amechongewa na seremala wa hapahapa mjini, na mwisho ananirushia mpira wa netiboli nikiwa juu ya hicho kibao. Wiki ya tano nikamwambia dokta siumwi tena niruhusu, akakataa. Akasema nitakuruhusu ukiruka kwa mguu huo mmoja mbele, pembeni na nyuma sawasawa na mwingine, na goti lifike ukutani sawasawa. Imechukua wiki nne nyingine. Nilikasirika wakati ule, sahivi namshukuru, maana nimeshacheza mechi sita na kifundo kimetulia.

Barafu tulibishana kidogo. Anasema inapunguza maumivu, tumia kama dakika 15 ukifunga kwenye kitambaa, lakini usidhani inaponyesha, na alinisimulia kwamba hata yule daktari Mmarekani Gabe Mirkin aliyeeneza mwaka 1978 ule mtindo wa kupumzisha, kuweka barafu, kubana na kuinua, baadaye alikuja kusema mwenyewe kwamba barafu inaweza kuchelewesha kupona. Mimi nilikuwa nanunua zile barafu za nailoni za jirani naziviringisha kwenye kanga, siku za mwanzo zilinisaidia kulala na nisingeziacha.

Nimekaa benchi la pale na watu wengi nikaona mengine. Kuna kaka wa bodaboda ana maumivu juu ya kisigino kwenye kano ya Achilles, ile kamba nene inayounga kigimbi na kisigino, anakimbia jioni, yeye kapewa zoezi la ngazi, anasimama ukingoni mwa ngazi kwa vidole anashusha kisigino polepole, mara 15 seti tatu, asubuhi na jioni wiki 12, zoezi lililotoka Sweden kwa daktari Håkan Alfredson mwaka 1998. Wiki ya pili kaka wa watu alilalamika bado inauma, akaambiwa endelea, zoezi hili linauma mwanzoni, na wiki ya nane nilimkuta anacheka. Kuna siku aliletwa kijana wa mpira, anasema alihisi kama kapigwa teke nyuma ya mguu na akigeuka hakuna mtu. Fizio akamlaza kifudifudi, akaminya kigimbi, unyayo haukucheza. Hakumfanyisha zoezi wala hakuchukua hela yake, alimwandikia barua ya hospitali ya rufaa hapohapo na bajaji ikaitwa, maana ile kano imekatika na kila siku inayopita ni hasara. Kwangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya kumpeleka ndugu yangu pale, anajua pa kuishia.

Sasa yasiyo mazuri. Hakuna miadi, ni kuwahi foleni, na benchi liko nje juani, ikifika saa saba mchana ukiwa na mguu umevimba unateseka. Anafunga saa 11 jioni wakati sisi wengine ndio tunatoka kazini, nimeomba ruhusa kwa mwalimu mkuu mpaka nikaona aibu. Bima hapokei, nimelipa 15,000 siku ya kwanza na 10,000 kila nikirudi, mara nane, jumla 95,000, kwa mshahara wetu sio ndogo na kwa kijana wa chandimu ni mlima, ingawa nimeona watoto wa shule anawapunguzia. Na mwanzoni hakukuwa na pazia kati ya vitanda viwili, mimi ni mwanamke wa kujisitiri, nilimwambia kwa heshima, akaelewa, wiki iliyofuata pazia lipo na anamwita dada wa mapokezi akae ndani. Bado natamani apatikane fizio wa kike, wapo akina mama wengi huku wanaumwa visigino na hawaendi kwa sababu hiyo tu.

Jambo la mwisho ni raba. Mimi nilikuwa nacheza netiboli na raba za kukimbilia za mtumba, zile soli nene laini. Alinionyesha kwa kuzibonyeza mezani jinsi zinavyoyumba pembeni, zimetengenezwa kwa kwenda mbele tu, na netiboli ni kusimama ghafla na kugeuka. Nimepata za soli bapa pana kwenye mtumba palepale sokoni, 18,000. Kwaiyo mkienda nendeni asubuhi mapema, vaeni bukta au dera linalopandishika mpaka gotini, na mbebe raba mnazochezea, mimi nilienda na ndala akanirudisha nyumbani nikazilete.