Uzoefu wangu na kipima mtiririko wa maji cha kukodi, jengo la ghorofa 16

Mimi ni mhazini wa kamati ya wakazi, kwa hiyo bili ya maji hupita mikononi mwangu kabla ya kufika kwa mtu mwingine yeyote. Kwa miezi kadhaa mfululizo ilikuwa inapanda tu. Wakazi ni walewale, mita kuu ilishapimwa na kuonekana nzima, lakini tulikuwa tunatumia takriban uniti 12 kwa siku zaidi ya mwaka uliotangulia. Uniti moja ni lita 1,000. Fundi bomba wetu alikagua pampu, tangi la juu na kila bomba linaloonekana, akakuta kote kukavu. Vikao vya kamati vikageuka baraza la usuluhishi: fulani ana watoto wengi, fulani anaosha gari kwa mpira, fulani kaleta mashine ya kufulia. Kila mmoja alikuwa na mchawi wake.

Ndipo tukakodi kipima mtiririko cha kubana juu ya bomba, pamoja na huduma ya kampuni inayokifunga na kutoa ripoti. Jina la kampuni naliacha, maana nina la kuwasifu na la kuwalaumu.

Kifaa chenyewe kwanza. Ni sensa mbili zinazofungwa kwa mikanda juu ya bomba, hakuna kukata wala kufunga maji. Sensa hizo zinarushiana sauti ambayo sikio halisikii, kupitia maji yaliyomo ndani. Sauti inayosafiri na maji hufika mapema kidogo kuliko inayokwenda kinyume chake, na tofauti hiyo ndiyo inayokokotolewa kuwa lita kwa dakika. Kwa hiyo bomba lazima liwe limejaa maji, na ukikosea kipenyo chake au unene wake, kila namba itakayofuata ni ya uongo. Linahitajika pia bomba lililonyooka: urefu wa mara 10 ya kipenyo kabla ya sensa na mara 5 baada yake. Kwa bomba la milimita 50 hizo ni sentimita 50 na 25. Unaweza kudhani ni kidogo hadi uingie kwenye chumba cha mabomba, ambako kona na koki zimesongamana kila mahali. Pale tulipopata nafasi, rangi ya zamani ilikuwa nene kiasi kwamba sensa hazikuonana kabisa. Kijana wa kampuni akaikwangua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akapaka jeli, akafunga tena, na alama ya nguvu ya mawimbi ikapanda palepale. Kwa kazi ya mikono, huyu kijana sina neno naye.

Tatizo lilikuwa mahali. Walikuja na mazoea ya kufunga kifaa kwenye bomba linaloingia jengoni, karibu na mita kuu. Kwa nyumba isiyo na tangi hiyo ni sawa. Sisi maji yetu hupandishwa kwenye tangi la juu, kisha hushuka kwa uzito wake. Kifaa kikiwa chini, kinachopimwa ni tangi linavyojaa: kimya, halafu maji mengi kwa muda, halafu kimya tena. Saa 9 usiku pampu inaweza kuwa inapandisha maji yaliyotumika jioni. Programu yao ya simu, kila pampu ilipowaka usiku, ilitutumia ujumbe mwekundu kwamba "uvujaji mkubwa umegunduliwa". Usingizi ukatuishia na bado hatujui kitu.

Tulisisitiza kifaa kihamishiwe juu, baada ya tangi, na hapo ndipo pesa yetu ilipoanza kufanya kazi. Jengo lina mabomba mawili ya kushukia, moja upande wa mashariki na jingine magharibi, na kila moja linahudumia karibu nusu ya nyumba. Wakazi wa pande zote mbili hawana tofauti. Bomba la magharibi, kati ya saa 8 na saa 10 usiku, lilikuwa karibu na sifuri, na mara mojamoja mtu alivuta choo, mstari wa grafu ukaruka na kurudi chini. La mashariki halikushuka kabisa. Na si kwamba lilikuwa limelala sawa: kuanzia saa 6 usiku mstari ulikuwa unapanda polepole, ukafika kama lita 19 kwa dakika saa 9, kisha watu walipoanza kuamka na kuoga, matumizi ya msingi, yaani maji yanayopita hata pasipo mtu kufungua bomba, yakashuka.

Huo mlima mdogo ndio ulionifanya nikione kifaa hiki kina thamani. Hakuna familia inayotumia maji mengi zaidi saa 9 kuliko saa 6 usiku. Kinachopanda wakati watu wamelala ni presha, na uvujaji hupanda nayo. Mwenye watoto wengi na mwenye mpira na gari wakawa wameachiwa huru bila hata kuitwa shahidi.

Kabla ya kuamini, tulifanya jaribio ambalo halihitaji kifaa chochote, na ningemshauri kila mtu alifanye kwanza. Tangi letu ni la mraba lenye eneo la mita za mraba 12, hivyo kila sentimita moja ya kina ni lita 120. Tukafunga maji yanayoingia usiku wa manane, tukashusha futi ya chuma, tukasubiri saa moja. Maji yalishuka sentimita 9. Hizo ni lita 1,080, yaani 18 kwa dakika. Kifaa kilisema 19, na kwa maji yanayokwenda taratibu namna ile, ambapo vipimo vya sauti huwa dhaifu, hilo ni jibu la kuridhisha. Kipeperushi chao kinajivunia usahihi wa asilimia 1, ila hawasemi hiyo ni maji yakiwa yanakimbia.

Kwenye bomba la mashariki, katikati ya jengo, ipo valvu ya kupunguza presha. Kazi yake ni kulinda ghorofa za chini, maana kila mita 10 za kushuka huongeza presha kwa takriban bar 1 (bar ni kipimo cha presha), na mtu wa chini angepata karibu bar 5. Fundi wetu alikuwa ameshaisoma geji yake mchana, ikawa sawasawa kwenye bar 2. Tuliporudi naye usiku, geji ileile ilikuwa imepita hapo na mshale bado unasogea. Mchana maji yanatumika, kwa hiyo kinachopenya kwenye valvu hakionekani. Usiku bomba likitulia, presha inajikusanya. Valvu ilipofunguliwa, kiti chake cha ndani, pale inapozibia maji, kilikuwa na mchubuko ambao ukucha unaushika, na chujio lililo mbele yake limejaa chembe za kutu.

Maji yenyewe yalikuwa yanaishia wapi? Vyooni. Floti nyingi za ghorofa za chini, yaani boya linalofunga maji tangi la choo likijaa, ni za aina ya presha ndogo, na presha ikizidi hazifungi vizuri. Nilifunua tangi la choo changu saa 9 usiku: maji yalikuwa yamefika mdomo wa mrija wa kumwagia ziada na yanateleza ndani yake kama karatasi nyembamba ya nailoni, bila sauti. Tusingeweza kugonga milango ya watu saa hizo, hivyo tukawaomba wakazi wa mashariki wabandike kipande kikavu cha tishu kwenye ukuta wa nyuma wa bakuli kabla ya kulala. Asubuhi simu yangu ilijaa picha za tishu zilizolowa, karibu zote kutoka ghorofa ya nane kwenda chini. Lita isiyofika hata moja kwa dakika kwa kila choo, na yote inakwenda moja kwa moja kwenye bomba la maji taka. Ndiyo maana hapakuwa na ukuta uliolowa.

Valvu ikawekewa kiti kipya, floti zikarekebishwa, mstari wa usiku ukashuka hadi kama lita 2 kwa dakika. Kilichobaki ni raba chakavu za vyoo vichache.

Sasa lawama. Ripoti ya mwisho ilichukua lita 19, ikazidisha kwa saa 24, ikatangaza tunapoteza uniti 27 kwa siku. Bili zenyewe zilishaonyesha 12, kwa sababu mchana presha ilikuwa chini na vyoo vingi vilikuwa vimefunga. Mhandisi anayeangalia mlima ule asingezidisha hivyo, kwa hiyo naamini hakuna mtu aliyeuangalia. Kurasa tatu zilizofuata zilikuwa za kuwahimiza wakazi wafunge bomba wanapopiga mswaki.

Halafu kifurushi cha kawaida kinakupa wastani wa kila saa tu. Kwa wastani wa saa, mtu aliyevuta choo na maji yanayovuja taratibu vinachanganyika kuwa kitu kimoja. Takwimu za kila dakika ni za kulipia zaidi, na hilo hutaambiwa mpaka uulize.

Nyota tatu kwa huduma, tano kwa kifaa. Kodi, usinunue, na kwenye mkataba waandikiwe mambo mawili: kifaa kifungwe baada ya tangi, kwa kila bomba la kushukia kwa zamu, na faili la takwimu za kila dakika libaki kwenu. Valvu ya magharibi ina umri sawa na ya mashariki. Fundi ameambiwa aje kuisoma geji yake usiku.