Kibuyu chirizi cha shule: cha miti kinakishinda cha chuma

Shule ya msingi ya Mtwara inayotaka kibuyu chirizi, yaani dumu la kunawia mikono linaloning'inia na kuinama kumwaga maji ukikanyaga kanyagio, ina njia mbili: kumpa fundi wa kuchomelea kazi ya fremu ya chuma, au kukitengeneza palepale shuleni kwa miti na dumu. Tumevilinganisha tukimfikiria mtoto wa darasa la kwanza na la pili. Tunachagua cha miti, ingawa kina kasoro zake.

Cha chuma kinasimama imara na hakiogopi mchwa. Kinachokiponza ni upepo wa bahari. Rangi ikichunika tu, kutu inaanzia kwenye maungio, kanyagio linakaza, na mtoto wa miaka saba hana uzito wa kulishusha. Hapo shule inabaki kumsubiri fundi. Kwenye cha miti, kamba ikikatika mtoto mwenyewe anafunga fundo na kazi inaendelea.

Cha miti kinahitaji nguzo mbili za mita 1.5 zenye panda, fito ya kulaza juu, dumu la lita 5, kamba ya nailoni, kijiti cha kanyagio na kipande cha sabuni. Udongo wetu wa kichanga haushiki, kwa hiyo fukia nguzo sentimita 50 na ushindilie kwa mawe. Usitumie boriti za mikoko hata ukiuziwa kwa bei poa. Mikoko inalindwa na sheria, na ndimo kamba wa baharini na samaki wengi wanamokulia. Kibuyu cha kumfundisha mtoto kutunza mazingira hakiwezi kusimama juu ya mti huo. Mwarobaini unafaa, mchwa hawaupendi, na huku pwani haukosekani.

Tundu ndilo linaloharibu vibuyu vingi. Toboa kwa msumari mwembamba uliopashwa moto, milimita 2 tu, kama sentimita 12 chini ya mfuniko, upande wa pili wa mkono wa dumu. Maji yasifike usawa wa tundu, la sivyo yatadondoka siku nzima bila mtu kukanyaga. Maana yake dumu la lita 5 linabeba kama lita 3 za kutumika: mtoto akitumia mililita 100, ni watoto 30. Darasa la watoto 90 linahitaji madumu matatu, au foleni itawafanya waende kwenye uji bila kunawa.

Sabuni nayo ina maadui. Kunguru wanaidokoa na mvua inaiyeyusha. Itoboe katikati, ipitishe kamba, kisha ifunike kwa kifuu cha nazi kilichopinduliwa, kamba ikipita kwenye jicho la kifuu. Kunguru hapati pa kudonoa kwa juu na mvua haiigusi. Kama kisima chenu kina maji ya chumvi, povu litachelewa. Watoto wasugue kwanza, sekunde 20, ndipo wakanyage tena kusuuza.

Chini ya dumu chimba shimo la sentimita 30 na ulijaze kokoto, maji yasituame yakafanya tope na kuita mbu. Panda mpapai hatua moja pembeni. Hii ndiyo sehemu tunayoipenda kuliko zote: mtoto anaona maji ya mikono yake yanakwenda kwenye mti, na papai likiiva analila yeye.

Wekeni zamu ya watoto wawili kwa siku, wajaze maji kabla ya kengele ya kwanza na tena kabla ya uji. Kila Ijumaa dumu litolewe, litiwe konzi ya mchanga na maji kidogo, litikiswe mpaka utelezi wa kijani utoke. Utelezi huo unaletwa na jua, kwa hiyo kibuyu kikikaa chini ya mwembe unapungua, na dumu lenyewe linachelewa kupasuka. Likipasuka, msilichome moto: likateni katikati, litoe chombo cha kuoteshea miche.