Gia ya shaba ya taa za kuinuka za Corvette C5: inatibu ugonjwa mmoja tu

Taa ya C5, yaani Corvette ya kizazi cha tano, gari la michezo la Chevrolet, ikigoma kuinuka huku mota yake ikinguruma kama mashine ya kusaga isiyo na nafaka, mgonjwa anajulikana kabla ya boneti kufunguliwa: gia ya nailoni imekatika meno. C5 ilitoka kwa modeli za 1997 hadi 2004, kwa hiyo gia zozote za kiwandani zilizobaki ni kuukuu, na nailoni ikizeeka hukauka na kumeguka. Hapo ndipo seti ya gia ya shaba ya njano inapostahili kila senti.

Tatizo ni kwamba wengi huinunua bila kusikiliza gari. Mota ikiwa kimya kabisa, gia haina kosa. Anza na fyuzi, kisha rilei (swichi inayowashwa na umeme), kisha waya wa ethi, unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, ambao ukishika kutu huzima taa moja na kuiacha nyingine ikifanya kazi. Taa ikipanda kwa kusuasua, pima umeme kwenye plagi ya mota wakati inazunguka. Betri nzima iliyotulia husoma karibu volti 12.6, ukikuta chini ya 11 pale kwenye plagi, kuna waya au kiungo kinachokula umeme. Umeme ukiwa sawa, basi viungo vya mkono wa taa vimekauka grisi.

Kwa nini mota huendelea kunguruma? Kidhibiti cha taa hukata umeme kinapohisi mota imekwama mwisho wa safari. Meno yakiteleza, hakuna kinachokwama, hivyo mota huzunguka bure mpaka muda wake uishe.

Kazi yenyewe haihitaji fundi bingwa. Chomoa waya hasi wa betri kwanza, maana taa ikishuka ghafla haichagui kidole. Inua taa kwa kuzungusha kitasa cha mkono kilicho kwenye mota. Mizunguko ni mingi, usikilazimishe. Weka alama ya rangi mahali mkono wa kuinulia unapokutana na shafti, kisha toa mota na ufungue kifuniko cha gia. Ndani utakuta gia ya plastiki yenye meno mazima upande mmoja na upande mwingine umelika mpaka umekuwa laini, kwa sababu gia hii haizunguki duara zima. Vipande vya nailoni huwa vimezama kwenye grisi ya zamani. Vitoe vyote, hata vya ukubwa wa punje ya mchanga. Kimoja kikibaki kitakwamisha gia mpya. Paka grisi nyeupe ya lithiamu kiasi cha kufunika meno tu. Ukijaza pomoni itapenya hadi kwenye brashi za mota.

Kabla ya kufunga, kagua gia ya shaba kwa kucha. Meno yenye makali yaliyobaki kiwandani yatakwangua skrubu ya mota inayozungusha gia, na tundu lisilokaa sawasawa kwenye shafti litaifanya gia icheze-cheze. Seti zenye kasoro hizo zipo, rudisha bila aibu.

Lawama mbili. Shaba ina kelele zaidi kidogo, jambo dogo. La pili ni zito: nailoni ilikuwa kiungo dhaifu kilichovunjika ili vingine vipone. Ukishaiondoa, taa iliyogandishwa na barafu au kifuniko kinachokwaruza bampa hupeleka nguvu yote kwenye mota na mkono. Kwa hiyo, kabla ya kurudisha umeme, zungusha kitasa juu hadi chini. Popote panapokaza, rekebisha kwanza.

Wenye C4, Corvette ya kizazi cha nne, wasihangaike na seti hii. Mota zao huharibika bushi tatu ndogo za plastiki zilizo ndani ya gia, na hizo ndizo za kununua. Mazda MX-5 ya kwanza nayo ni habari nyingine: mota yake hugeuza mkono nusu duara kila mara, na taa ikisimama katikati au ikipanda na kushuka bila kukoma, shuku visahani vya kukatia umeme ndani ya mota.

Na kama unahitaji taa usiku huu, igeuze gia ile ile ya nailoni ili meno mazima yakae upande wa kazi. Itakuvusha kwa muda wakati seti iko njiani.