AnkiDroid kwa Mchina anayejifunza kusoma Kiingereza Mbeya

Programu hii ya kadi za msamiati ni bure kwenye simu za Android, na ukishaipakua huhitaji bando: hata mtandao ukipotea njiani kwenda Tukuyu, kadi zinafunguka.

Shida iko kwenye kuzitengeneza. Wengi huandika neno la Kiingereza mbele na la Kichina nyuma, basi. Hapo "bank" inabaki benki tu, na msomaji anakwama akikutana na "bank" yenye maana ya ukingo wa mto. Andika sentensi nzima kutoka habari uliyosoma, neno lipigiwe mstari, nyuma uweke maana ya hapo hapo. Kitenzi cha Kichina hakibadiliki umbo kwa wakati, ndiyo maana jicho huruka "-ed" mwishoni (sisi tuna -li-, hatuikosi). Itengenezee kadi zake.

Programu huanza na kadi mpya 20 kwa siku. Nyingi mno kwa mtu anayetoka saiti jioni! Marudio hulimbikizana, ukiacha siku tatu unakata tamaa. Punguza hadi 8.

Ufahamu wenyewe haumo humu. Soma aya, funika, kisha msimulie jirani pale Mwanjelwa.