Uchambuzi wa muvi: "The Duke", mzee wa Newcastle na mchoro kabatini

Haya wapenzi wa muvi, karibuni tena barazani. Leo hakuna risasi, hakuna gari kuruka daraja. Steringi wetu ni mzee wa miaka kama 60, aliwahi kuwa dereva wa basi, na silaha yake ni mdomo tu. Anaongea huyo! Kazi ya teksi wamemfukuza kwa kuwahutubia abiria. Muvi inaitwa The Duke, ni ya Waingereza, dakika 96, na kisa chake ni cha kweli.

Kwa kuwa kisa kilishatoka magazetini zamani, mengi nitayasema wazi. Ila kuna siri moja hiyo simwagi, hata mnibembeleze.

Mwaka 1961 Mmarekani mmoja tajiri ananunua mnadani mchoro wa Goya, yule mchoraji wa Hispania. Aliyechorwa ni Duke wa Wellington, jenerali aliyempiga Napoleon kule Waterloo. Waingereza wakaona haya: shujaa wetu aende Marekani? Wakachanga pauni 140,000, nyingine za wakfu wa tajiri, nyingine za hazina ya serikali, wakaubakiza. Unatundikwa National Gallery pale London tarehe 2 Agosti. Tarehe 21 Agosti haupo. Siku 19 tu! Polisi wanatoka mbele ya wanahabari na vifua mbele: hili ni genge la kimataifa, watu wamefunzwa hawa. Kumbe mchoro uko Newcastle, kwenye nyumba ya watu maskini, umefichwa nyuma ya kabati la nguo.

Mwenye nyumba ni Kempton Bunton, anaigizwa na Jim Broadbent. Wapenzi wa Harry Potter mnamfahamu, ni yule profesa Slughorn. Kempton ana ugomvi wake na serikali: leseni ya televisheni. Subiri hapa kidogo, maana wengi wetu hili ni geni. Usifikirie kifurushi cha king'amuzi, kwamba usipolipa wanakukatia. Kule ukiwa na televisheni sebuleni na unaangalia, unalipia leseni, na pesa inaiendesha BBC. Usipolipa ni kosa la jinai. Kempton akachomoa kifaa kinachonasa BBC, akabaki na ITV (siyo ile ya Mikocheni jamani, ya kwao), halafu anawaambia maofisa mlangoni: sasa nalipia nini? Wakamfunga siku 13. Hoja yake ni kwamba mzee wa pensheni, au mjane anayekaa peke yake, rafiki aliyebaki naye ni ile televisheni. Kumtoza ni kumfungia dirisha. Kwa hiyo barua zinazotumwa kwa wakubwa zinadai mchoro utarudi kama pauni 140,000 zitatolewa kulipia leseni za wasiojiweza.

Sasa nije kwenye sababu iliyonifanya niwashe kamera leo. Watu wengi wakiisimulia muvi hii wanamsimulia Kempton. Mimi niliiangalia na shangazi yangu, na dakika kama ya 20 akauliza, "Na huyu mama, kodi analipa yeye?" Nikanyamaza. Kuanzia hapo nikaanza kuangalia muvi nyingine kabisa.

Huyo mama ni Dorothy, mke wa Kempton, na anayemwigiza ni Helen Mirren. Huyu dada ndiye aliyechukua Oscar kwa kumwigiza Malkia Elizabeth. Hapa yuko kwa magoti anapiga deki nyumba ya mke wa mkubwa mmoja, mikono mikavu, miwani, koti la kijivu. Mume anapigania maskini wa Uingereza nzima, na maskini wa kwanza yuko jikoni kwake anahesabu senti. Kila Kempton akikorofishana na bosi kwa ajili ya haki (kwenye kiwanda cha mikate anamtetea Mpakistani anayebaguliwa, anafukuzwa), ni Dorothy anayeongeza saa za kusafisha. Na Kempton ni mtu mzuri kweli, usinielewe vibaya. Anachekesha, anapenda mke wake, na haibi ili ajineemeshe. Lakini wema wake una bili, na bili inapelekwa kwa mama.

Kuna jambo zito zaidi ndani ya nyumba ile. Walikuwa na binti, Marian, alikufa kijana kwa ajali ya baiskeli. Kempton anaandika tamthilia usiku na mchana, na msiba unamtokea kwenye karatasi. Dorothy hataki utajwe. Hatamki, haendi kaburini, anafuta meza. Mirren anafanya mambo makubwa hapa kwa kutofanya kitu: anakunja kitambaa, anageuza mgongo, unajua kabisa kaumia wapi. Siku anapokuja kujua kilichomo kabatini, hasira yake haihusu sanaa wala polisi. Angalia uso wake tu, sisemi zaidi.

Ndiyo maana naona mwongozaji, Roger Michell, alikuwa anajua anachofanya. Ndiye aliyeongoza Notting Hill mwaka 1999. Hii ndiyo muvi yake ya mwisho ya kuigiza, alifariki Septemba 2021 kabla haijaingia kumbi za Uingereza, maana korona iliichelewesha hadi 2022. Juu juu ni vichekesho: muziki wa jazi, skrini inagawanywa vipande kama muvi za miaka ile ya 60. Chini yake kuna ndoa iliyokaa kimya muda mrefu.

Kinachonikera? Mchumba wa mtoto mkubwa. Anaingia, ananusa zawadi ya pauni 5,000 ya atakayefanya mchoro upatikane, anatibua mambo, basi. Ameletwa kuisukuma hadithi, unaziona kabisa kamba zinazomvuta. Pia historia wameikamua: kwa kweli mchoro ulikaa miaka minne, ukarudi 1965 kupitia ofisi ya mizigo ya stesheni ya Birmingham, na Kempton akajisalimisha wiki kadhaa baadaye. Kwenye muvi kila kitu kinakwenda chapuchapu, na mzee anaubeba mwenyewe mpaka National Gallery. Hilo nimesamehe, ni tamu.

Mahakamani, ee, hapo ndipo shangazi alipoacha kula karanga. Wakili Jeremy Hutchinson anashika tundu moja la sheria: kwa wakati ule, wizi ni kuchukua kitu kwa nia ya kumnyima mwenye nacho daima, asikipate tena. Mzee anasema aliazima tu! Na anawachekesha hadi baraza la wazee wa mahakama linashika mbavu. Anaposema kwamba yeye peke yake ni tofali moja tu, na tofali likikaa na mengine ndipo panakuwa na nyumba, mimi nikasema kimoyomoyo: mtu ni watu. Hukumu yenyewe ni ya kweli: kwenye mchoro hana hatia. Mwaka 1968 Bunge likatunga sheria mpya ya wizi, ikaweka kosa maalumu la kutoa vitu kwenye majumba ya maonyesho, ili asije mwingine wa kuazima.

Na ile siri niliyosema siimwagi? Ilikaa kwenye mafaili ya serikali hadi 2012. Mkiijua, rudini mwangalie nusu ya kwanza tena.

Ushauri mdogo: Kiingereza cha Newcastle hicho, hata aliyesoma London anashika sikio. Washa maandishi ya chini. Watoto wa shule ya msingi watachoka, ila ukiwa na wazee nyumbani waite.

Mimi naipa 8 kwa 10, na zaidi ya nusu ya hizo ni za Mirren. Kisheria ningesimama na Kempton, kijikoni na Dorothy. Niandikieni hapo chini nyie mngesimama wapi.

Aa, nusura nisahau! Kuna tukio wako sinema wanaangalia Dr. No ya James Bond, na mchoro wao unatokea kwenye maskani ya jambazi. Hiyo Dr. No ipo kweli, ya 1962, na mchoro umo. Ila mwaka 1962 wenyewe, watu wanacheka sinema, mchoro halisi ulikuwa bado haujarudi. Na uliporudi, ulirudi bila fremu (ya mchoro, siyo ya duka Kariakoo). Fremu ndiyo iliyomfunga Kempton miezi mitatu, na mpaka leo haijaonekana.